Yangambi, Nyumba Iliyoandika Udongo wa Kongo

Anayeshuka mto kutoka Kisangani kwa mtumbwi wa injini hupita vijiji vya Walokele kimoja baada ya kingine, na baada ya kilometa mia moja hivi huona ukingo wa kulia ukiinuka juu ya maji. Hapo ni Yangambi, katika teritwari ya Isangi. Juu ya mwinuko huo kuna nyumba za matofali zilizojengwa enzi za Wabelgiji, barabara ndefu chini ya miti mikubwa, na ofisi za INERA, taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo. Wengi huijua Yangambi kwa michikichi yake na kwa hifadhi yake ya mimea iliyokaushwa, yenye sampuli zipatazo 150,000. Wachache hukumbuka kwamba hapa pia ndipo udongo wa Kongo ulipochimbwa, kupewa majina na kuchorwa kwenye ramani kwa utaratibu wa kisayansi.

Taasisi ilianzishwa kwa amri ya mfalme wa Ubelgiji ya tarehe 22 Desemba 1933, kwa jina la INEAC, yaani Taasisi ya Kitaifa ya Masomo ya Kilimo katika Kongo ya Kibelgiji. Ofisi ya utawala ilikaa Brussels, lakini moyo wa kazi ulikuwa Yangambi, mahali ambapo serikali ya kikoloni tayari ilikuwa na mashamba yake. Lengo halikufichwa: koloni ilitaka pamba, mawese, kahawa na mpira kwa wingi zaidi. Ili kuvipata, ilibidi kwanza ijue ardhi yenyewe.

Hapo ndipo kazi ilipoanza, na ilikuwa kazi ya miguu na ya mikono. Vijana wenye mapanga walitangulia kufungua mikuza iliyonyooka ndani ya msitu, na nyuma yao walikuja wapimaji wakihesabu umbali. Kila baada ya hatua kadhaa keekee ya udongo ilizungushwa ardhini na kutolewa, udongo ukatazamwa rangi, ukasuguliwa kati ya vidole ili kujua kama ni mchanga au mfinyanzi. Penye mabadiliko lilichimbwa shimo ambalo mtu mzima angeweza kusimama ndani yake. Ukuta wa shimo ulikwanguliwa hadi tabaka zikaonekana wazi: juu weusi mwembamba wa majani yaliyooza, chini yake njano au wekundu unaoshuka bila mwisho. Kila tabaka lilipimwa, likaandikwa, sampuli ikatiwa mfukoni na kupelekwa maabara. Mabegani mwa nani mifuko hiyo ilibebwa, kila mtu wa Isangi anajua. Kwenye majalada ya ramani, hata hivyo, majina yanayoonekana ni ya wataalamu wa INEAC.

Kazi hiyo ilizaa mfululizo uitwao Ramani ya Udongo na Uoto wa Kongo ya Kibelgiji na Ruanda-Urundi. Karatasi ya Weko, eneo la jirani na kituo, ilitoka mwaka 1954, na ile ya Yangambi yenyewe ikafuata mwaka 1956. Kila karatasi ilikuja na kitabu cha maelezo, na mtaalamu wa udongo alifanya kazi bega kwa bega na mtaalamu wa mimea, kwa sababu msitu na udongo unaoubeba husomwa pamoja. Wageni walikuja kujifunza. Charles Kellogg, mkuu wa upimaji wa udongo wa Marekani, aliandika pamoja na Fidelia Davol uchunguzi wa udongo wa Kongo, na INEAC ikauchapisha mwaka 1949.

Mwaka 1960 mtaalamu wa udongo Carl Sys alitoa ramani ya nchi nzima, ambayo ndani yake sentimeta moja ni kilometa hamsini. Ujuzi huo uliingia baadaye katika ramani ya udongo wa dunia iliyochapishwa na FAO na UNESCO kuanzia mwaka 1971. Armand Van Wambeke, mmoja wa waandishi wa karatasi za Yangambi, aliishia kuwa profesa katika Chuo Kikuu cha Cornell.

Karatasi hizo zinasema nini? Zinasema kwamba uwanda wa juu una udongo wa aina iliyoitwa Yangambi, wenye mfinyanzi zaidi, na kwamba kwenye miteremko kuna aina iliyoitwa Yakonde, yenye mchanga zaidi. Kwa hiyo majina ya mahali petu yakawa majina ya kisayansi. Zinasema pia jambo ambalo mkulima wa Kiturumbu, mwenyeji wa hapa, alilijua bila maabara: udongo huu ni wa kina kirefu lakini ni maskini, ni mchachu, na utajiri wake karibu wote umo katika kile kiganja cha juu cheusi. Msitu mnene hauthibitishi kwamba chini yake kuna rutuba nyingi. Ukata msitu, ukachoma, ukalima mfululizo, mvua ya Yangambi, ambayo kwa mwaka hufika milimita 1,800 hivi, inaosha kila kitu.

Sura ngumu zaidi ya historia hii ni ile ya mikanda. Katika miaka ya 1940, INEAC ilijaribu kwa Waturumbu mpango wa kugawa ardhi kwa mistari. Msitu ulikatwa katika kanda sambamba zenye upana wa mita mia moja, zikielekea mashariki na magharibi ili jua lizifikie. Ukanda mmoja ulilimwa, wa jirani ukaachwa na miti yake, ili shamba linapochoka msitu urudi kutoka pembeni. Kwa upande wa udongo, wazo lilikuwa la busara, na lilitokana na desturi ya wenyeji ya kulaza shamba kwa miaka zaidi ya kumi. Kasoro ilikuwa kwenye amri. Mipaka ya zamani ilifuata vijito, matongo ya vijiji vilivyohama na michikichi iliyopandwa na mababu. Mstari wa mpimaji ulikata yote hayo, na juu yake ikawekwa pamba ya lazima. Upimaji ulikuwa sahihi, lakini wenye ardhi hawakuulizwa.

Uhuru ulikuja tarehe 30 Juni 1960 na wataalamu wengi wakaondoka. Waasi wa Simba waliuteka mji wa Stanleyville, yaani Kisangani ya leo, tarehe 5 Agosti 1964, na jimbo zima likatikisika. Mwaka 1970 taasisi ilizaliwa upya kwa jina la INERA. Miaka ya 1970 pia ilileta Yangambi chuo cha sayansi za kilimo, IFA, ambacho baadaye kilihamia Kisangani. Msitu wa jirani uliandikwa na UNESCO kuwa hifadhi ya baiyosfia mwaka 1976.

Kilichostaajabisha ni kwamba makaratasi yalidumu. Katika miaka ya vita, mishahara isiyofika na paa zinazovuja, wafanyakazi wa INERA waliendelea kulinda kabati za nyaraka. Daftari za kati ya mwaka 1937 na 1958, ambamo karibu miti 2,000 iliangaliwa kila wiki ili kuandika lini inachanua na lini inapukutisha majani, zimepigwa picha na kunakiliwa katika mradi wa Chuo Kikuu cha Ghent kwa msaada wa watu wa kujitolea. Utafiti wa msitu nao unaendelea: mwaka 2020 mnara wa mita 55 ulisimamishwa msituni kupima hewa ya kaboni inayoingia na kutoka. Heshima ya kwanza ya maadhimisho yoyote ya Yangambi iwaendee walinzi wa kabati hizo.

Mjini Kisangani, hata hivyo, mtu akisema ardhi hamaanishi udongo bali hati. Anafikiria ofisi ya kadasta, mawe ya mipaka na cheti cha uandikishaji ambacho sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inakifanya kuwa ushahidi wa haki yake. Sheria hiyohiyo inasema udongo wote ni mali ya Dola, na kuhusu ardhi za jamii za vijijini iliahidi amri ya Rais, amri ambayo miongo mingi ilipita bila kutolewa. Tangu agizo la tarehe 2 Agosti 2014, jamii inaweza kuomba msitu wake wa hadi hekta 50,000, na kwa ajili hiyo wanakijiji wa jimbo la Tshopo wametembea mipaka yao na kifaa cha GPS mkononi, wazee wakitaja kijito baada ya kijito.

Ramani mpya zinazotokana na matembezi hayo zinaonyesha mwenye ardhi ni nani. Karatasi za Yangambi zinaonyesha ardhi ni ya namna gani. INERA, kadasta na Chuo Kikuu cha Kisangani wana uwezo wa kuzikutanisha. Wafanye hivyo, na nakala ifike kwa kila chifu wa Isangi, ikiwa na maelezo kwa lugha anayoisoma.