Mwanya wa Dani

Mwaka jana msichana mmoja wa kundi letu la vijana hapa Kakuma alikuja kuniona akiwa ameziba mdomo kwa leso. Nikafikiri jino linamuuma. Kumbe alikuwa na swali: "Yaya, kuna mahali wanaziba mwanya?" Hapa Kenya yaya ni mlezi wa watoto wa watu, lakini sisi wa Kivu ndivyo tunavyomwita dada mkubwa.

Mtu mmoja anayetafuta wanamitindo alikuwa amempiga picha karibu na soko. Akamwambia urefu upo, uso upo, ila meno yatamharibia.

Nilishangaa. Kwetu mwanya ni urembo. Mama yangu mdogo anao, na kwenye harusi anacheka kuliko bibi harusi mwenyewe ili watu wauone. Lakini sikutaka kumpa hotuba. Nilimwambia, "Kaa, mdogo wangu, nikusimulie habari ya Dani."

Tarehe 20 Mei 2003, televisheni moja ya Marekani iitwayo UPN ilianza kuonyesha America's Next Top Model. Aliyelianzisha shindano hilo ni Tyra Banks, mwanamitindo mweusi aliyekwisha kuwa na jina kubwa. Wasichana waliwekwa nyumba moja, kamera juu yao asubuhi mpaka usiku, na karibu kila wiki mmoja alirudishwa kwao. Anayebaki mwisho alipewa mkataba wa kazi. Kipindi kilidumu misimu 24, mpaka 2018. Nchi nyingi zikafanya toleo lake, na la Afrika lilianza 2013, mshindi akatoka hapa jirani Uganda, Aamito Lagum.

Tusimwonee Tyra. Yeye mwenyewe amesimulia alivyokataliwa ujanani na mawakala waliosema tayari wana msichana mweusi mmoja, anatosha. Alisema anataka kupanua maana ya urembo, na kuna walioingia kwa mlango wake ambao milango mingine ilikuwa imewafungia. Mwaka 2008 msichana mwenye mwili mnene, Whitney Thompson, alishinda. Mwaka 2014 aliingia Winnie Harlow, mwenye mabaka meupe ya ngozi, na leo dunia nzima inamjua, ingawa mwenyewe amesema kipindi hakikumsaidia katika kazi yake.

Sasa Dani. Danielle Evans alitoka Little Rock, Arkansas, akaingia msimu wa sita mwaka 2006. Alikuwa na mwanya. Wakampeleka kwa daktari wa meno auzibe, akakataa. Alisema ni wake, anaupenda. Mbele ya majaji Tyra akamuuliza kama kweli anafikiri atapata mkataba wa vipodozi vya CoverGirl akiwa na mwanya mdomoni. Dani akarudi kwa daktari. Wakaupunguza, haukuzibwa wote. Akashinda.

Msichana wangu akasema, "Si unaona, Yaya? Aliziba, akashinda."

Nikamwambia ngoja kidogo. Mwaka 2010, msimu wa 15 wa kipindi hicho hicho, mwenye kipindi akiwa yule yule, alikuwepo mshiriki mzungu anaitwa Chelsey Hersley. Yeye pia alikuwa na mwanya. Huyo alipelekwa kwa daktari ukaongezwa.

Akaondoa leso mdomoni. "Ukaongezwa?"

Ndiyo, ukaongezwa. Ndani ya miaka minne kilichokuwa kasoro kwa mmoja kikawa pambo kwa mwingine. Dani alipewa sheria kana kwamba imeandikwa tangu dunia ianze, kumbe ilikuwa fasheni ya mwaka ule tu.

Mambo mengine yalikuwa mazito kuliko meno. Mwaka 2005 washiriki walipakwa vipodozi waonekane watu wa asili nyingine, na mwaka 2009 jambo kama hilo likarudiwa. Mwaka 2007 walipigwa picha wakiigiza maiti za wanawake waliouawa, na msichana ambaye mama yake aliwahi kupigwa risasi akapewa kuigiza aliyepigwa risasi. Sisi tuliokimbia risasi hatuhitaji mtu atufafanulie hiyo.

Halafu kuna Tiffany Richardson, msimu wa nne, 2005. Alikuwa amesimulia kwamba bibi yake alikatiwa umeme nyumbani kwa sababu pesa ilinunua nguo ya kuogelea ya mjukuu kwa ajili ya shindano. Siku alipotolewa hakulia. Alitabasamu, akatania. Tyra akampigia kelele mbele ya wote, kwamba wao wote walikuwa upande wake na yeye hajali. Kipande hicho kimechekwa na watu miaka na miaka. Mimi nikikiangalia naona kitu ninachokijua sana hapa kambini: ukisaidiwa, unatakiwa pia uonyeshe uso unaofaa. Ukitabasamu, huna shida. Ukilia sana, unaigiza.

Hata waliotengeneza hadithi nyuma ya kamera hawakuwa na nguvu. Julai 2006 wafanyakazi 12 waliopanga simulizi za kipindi waligoma wakitaka chama cha waandishi kiwawakilishe. Mwisho walipoteza kazi, kipindi kikaendelea.

Mei 2020 watu wengi wakiwa wamefungiwa ndani, vipande vya zamani vilisambaa tena na lawama zikaja kwa wingi. Tyra akajibu kwamba anakubaliana nao, na kwamba akitazama nyuma, baadhi ya uamuzi wao haukuwa sawa kabisa. Ni vizuri alisema. Ila ilikuwa miaka 14 baada ya mwanya wa Dani.

Watetezi wa kipindi wanasema: walisaini, hawakulazimishwa. Ni kweli walisaini. Lakini tujiulize hiyo ndiyo ilikuwa ya namna gani. Dani aliweza kusema hapana mara moja, kwa daktari. Mara ya pili aliulizwa na mtu mwenye uwezo wa kumrudisha nyumbani wiki hiyo hiyo. Ndiyo ya mtu ambaye hapana yake itamgharimu kila kitu ni ndiyo nyembamba sana. Anayeipokea anajua hivyo, kwa hiyo yeye ndiye mwenye wajibu wa kuwa mwangalifu.

Na haya siyo ya Marekani peke yake. Mwaka 2023 gazeti la Sunday Times la Uingereza liliandika kuhusu vijana wa Kakuma, hapa hapa, waliochukuliwa na mawakala wa mitindo kwenda Ulaya. Wapo waliofanikiwa. Wengine walirudi kambini baada ya muda mfupi wakiambiwa wana deni la maelfu ya euro: viza, ndege, chumba, vyote vilikuwa mkopo. Mawakala walijibu kwamba huo ndio utaratibu wa kazi yao na umo kwenye mkataba. Tena tunarudi pale pale: walisaini.

Sikumwambia msichana wangu aache. Mimi ni nani nimfungie mtu njia, na hapa njia zenyewe ni chache? Kiswahili kinaita mwanya hata nafasi ya kupitia, na yeye ameiona yake. Nilimwambia tu aandike maswali kabla ya kumpa mtu jibu. Tuliandika manne kwenye daftari lake. Picha zangu ni za nani? Nauli ni zawadi au ni deni? Mkataba nitausoma kwa lugha gani, na nani atakaa nami nikiusoma? Mwili wangu utabadilishwa nini, na nikikataa itakuwaje?

Yule mtu alipopigiwa simu alijibu la kwanza haraka. Kwa la pili alisema atatafuta muda.

Wiki iliyopita msichana alileta daftari tena. Meno hajayagusa, pesa yenyewe ya daktari iko wapi. Ila chini ya maswali yetu manne alikuwa ameongeza la tano kwa mkono wake, na hilo mimi sikulifikiria: "Nikishindwa, nani atanipokea uwanja wa ndege?"