Malisho ya Kiangazi Pembezoni mwa Dar es Salaam

Pwani ya Mzizima, ambako Sultani Majid bin Said wa Unguja alianza kujenga mji wake mpya katika miaka ya 1860, haikuwa abadan nchi ya ng'ombe. Wazaramo waliokaa nyuma ya bandari hiyo walikuwa wakulima wa mtama, mpunga, mihogo na minazi, na ng'ombe aliyeshushwa kutoka bara alilakiwa na maadui wawili, mbung'o aletaye nagana na kupe aletaye ndigana, hata aghalabu mwisho wake ulikuwa machinjioni kabla maradhi hayajapata wasaa. Habari za maziwa ya mji huu, pale zinaposimuliwa, husimuliwa kwa idadi ya ng'ombe na ubora wa kabila zao. Lakini mimi naamini kuwa kiini chake ni majani, khasa majani ya miezi ile kati ya mwisho wa masika na mwanzo wa vuli, wakati kusi inapovuma kavu na ardhi ya mchanga haiwezi kuweka unyevu.

Katika miaka ya 1970 serikali ilitaraji kuwanywesha wakazi wa mji kwa njia ya viwanda. Shirika la maziwa la taifa, Tanzania Dairies Limited, lilikuwa na kiwanda Ubungo, mahali ambapo mpaka leo huitwa Ubungo Maziwa, na sehemu kubwa ya maziwa yake ilitengenezwa kwa unga na mafuta ya siagi yaliyoletwa kwa msaada wa Shirika la Chakula Duniani. Maziwa hayo hayakutosha, na ilipofika miaka ya 1980, baada ya vita vya Kagera na kupanda kwa bei ya mafuta, mshahara wa mtumishi ulikuwa haumfikishi tena mwisho wa mwezi. Ndipo watumishi wa serikali, walimu, wauguzi, na hata waganga wa mifugo wenyewe, walipoingia katika miradi ya nyumbani, na ng'ombe wa kisasa, chotara wa Friesian au Ayrshire, akajengewa banda nyuma ya nyumba huko Msasani, Mikocheni na Mbezi katika Kinondoni, kadhalika Chang'ombe na Mbagala katika Temeke. Jambo la kutazamwa ni kwamba waliotangulia katika kazi hii hawakuwa mafukara, bali watu wenye viwanja vikubwa na wenye uwezo wa kumlipa kijana wa kukata majani.

Majani hayo yalikuwa mali isiyo na mwenyewe. Wakati wa masika kila kiwanja kisichojengwa kilikuwa malisho, na kingo za mito ya Msimbazi, Kizinga na Mzinga zilijaa matete na ukoka. Vijana wakikata alfajiri, wakifunga mizigo juu ya baiskeli na mikokoteni, wakiiuza mabandani kabla jua halijawa kali. Pamoja na majani, mji ulitoa vyakula ambavyo mfugaji wa bara hakuvijua: pumba kutoka vinu vya mahindi na ngano, mashudu ya pamba na ya nazi, maganda ya mihogo na ndizi, na machicha ya bia kutoka kiwanda cha Ilala, ambayo hulainisha chakula na kuongeza maziwa, lakini huharibika upesi katika joto la pwani, hata hayawezi kuwekwa akiba bila kushindiliwa na kufunikwa. Kiangazi kilipoingia, mkata majani alilazimika kwenda mbali zaidi, mzigo ukapungua ukubwa na kuzidi bei, na ng'ombe, ambaye tumbo lake haliwezi kuishi kwa pumba peke yake, akapunguza maziwa katika wakati uleule ambao mnunuzi alikuwa tayari kulipa zaidi.

Sheria nayo ilikuja, ikatazama upande mmoja tu. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zilimruhusu mtu kufuga ng'ombe wasiozidi wanne, kwa sharti wafungiwe na walishwe bandani, jambo la haki kwa majirani ambao bustani zao zilikuwa zikiliwa na ng'ombe waliozurura. Lakini hazikueleza majani ya ng'ombe hao yatatoka wapi. Na tufanye hesabu. Ng'ombe wa maziwa mwenye kimo cha kadiri huhitaji takriban kilo 40 za majani mabichi kila siku. Wanne huhitaji kilo 160. Na kwa siku 122 za Juni hadi Septemba hesabu hufika kilo 19,520. Viwanja vingi vya Sinza, katika ule mradi uliogharimiwa na Benki ya Dunia miaka ya 1970, havikufika sehemu ya kumi ya ekari moja, pamoja na nyumba, choo na banda juu yake. Aliyetimiza sharti la banda alikuwa, kwa kutii kwake, amelazimika kuitegemea ardhi ya wengine.

Tadbiri ya kuweka akiba haikukosekana, na mabwana mifugo waliihubiri kwa bidii: kata wakati wa neema, hifadhi kwa ajili ya dhiki. Ila pwani ina tabia yake. Majani huwa na lishe bora kabla ya kutoa mbegu, nao ndio wakati ambao mvua za masika bado zinanyesha na hewa imejaa unyevu, hata anayetaka kuyaanika huyaona yakiota ukungu. Na pale jua la Juni na Julai linapopatikana, majani yamekwisha kukomaa, yamekuwa magumu kama fito, na faida yake imeondoka. Kwa sababu hii mimi nawaafiki wale walioshauri kuyavundika badala ya kuyakausha: matete au mabingobingo yakatwe yangali laini, yakatwekatwe vipande vidogo, yanyunyiziwe molasi kutoka Mtibwa au Kilombero, yashindiliwe shimoni mpaka hewa itoke, kisha yafunikwe kwa nailoni na udongo. Baada ya wiki kadhaa huwa tayari, yana harufu ya uchachu wa kupendeza, nayo hudumu msimu mzima.

Ilhali wachache ndio waliolifuata shauri hilo, na mimi siwezi kuwalaumu wengine. Shimo la kutosha ng'ombe wanne lataka mita 30 hivi za ujazo, na penye bonde maji huchimbuka humo wakati wa masika. Zaidi ya hayo, maziwa yaliuzwa kwa siku na majani yalinunuliwa kwa siku. Kununua tani 20 katika mwezi mmoja wa Mei kulihitaji fedha ambazo nyumba ya mfugaji haikupata kuziona pamoja, na sikuona mkopo uliopangwa kufuata kalenda ya majani.

Kisha ardhi yenyewe ikapungua. Mji uliokuwa na watu wapatao 1,360,000 katika sensa ya 1988 ulikuwa na watu 4,364,541 mwaka 2012, na katikati ya miaka hiyo, kuanzia 2002, ule Mradi wa Viwanja 20,000 ulipima Bunju na Mbweni upande wa Kinondoni, Tuangoma na Kibada upande wa Temeke, mahali ambapo majani yalikuwa yakikatwa bila kuulizwa. Watu walistahili makazi, na sina neno juu ya hilo. Nasikitika tu kwamba katika ramani zile hapakutengwa bonde la kuoteshwa malisho, ilhali mabonde yasiyofaa kujengwa yalikuwapo, na baadaye yakajengwa vilevile, yakawafurikia waliojenga. Sheria ya nyanda za malisho na vyakula vya mifugo ilipitishwa mwaka 2010, mabanda mengi ya Mikocheni na Msasani yakiwa yamekwisha kugeuzwa vyumba vya kupangisha. Waliobaki na ng'ombe wamewahamishia Kibaha, Bagamoyo na Mkuranga, na wale wa Goba na Chamazi wasiotaka kuhama hununua majani yanayoshuka kwa malori kutoka huko, kwa bei inayojumuisha mafuta ya safari.