Ndege za Usiku: Misaada ya Makanisa Biafra, 1968–1970

Bandari ya Port Harcourt ilipotekwa na jeshi la serikali ya Nigeria mwezi Mei 1968, Biafra ilibaki bila mlango wa baharini. Eneo hilo la Waigbo na majirani zao lilikuwa limetangaza kujitenga na Nigeria tarehe 30 Mei 1967, na vita vikaanza Julai mwaka huohuo. Sasa mamilioni ya watu, wengi wao wakimbizi katika ardhi yao wenyewe, walisongamana katika eneo lililozidi kubanwa. Chumvi iliadimika, samaki na nyama vikatoweka. Watoto walivimba miguu, nywele zikapauka na kuwa nyekundunyekundu. Ilikuwa kwashakoo, ugonjwa wa mtoto anayejazwa muhogo bila kupata protini.

Serikali ya Nigeria, iliyokuwa Lagos, ilitaka misaada ipite nchi kavu chini ya ukaguzi wake. Viongozi wa Biafra walikataa, wakihofia chakula kitatiwa sumu na njia hiyo itafungulia majeshi mlango. Walioumia kwa mvutano huo ni raia. Msalaba Mwekundu ulirusha ndege kutoka kisiwa cha Fernando Poo, na baadaye Cotonou. Makanisa ya Kikatoliki na ya Kiprotestanti yaliungana chini ya jina la Joint Church Aid, yakarusha zao kutoka São Tomé, wakati huo koloni la Ureno.

Ndege hizo zilitua Uli, ndani ya Biafra, kwenye kipande cha barabara ya lami kilichopanuliwa kikawa uwanja. Zilitua usiku tu, kwa kuwa mchana zingedunguliwa. Rubani alizunguka gizani hadi taa zilipowashwa kwa muda mfupi. Magurudumu yakishagusa lami, giza likarudi. Mara nyingi ndege ya Nigeria ilivizia juu, ikingoja taa hizohizo ili idondoshe mabomu. Chini, wapakuzi walishusha mbiombio magunia ya maziwa ya unga, chumvi, samaki wakavu wa Norway na masanduku ya dawa. Miongoni mwa waliosimamia kazi hiyo walikuwa mapadri wa Ireland wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika lilelile lililofungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Malori yakaelekea hospitalini na kwenye vituo vya kulishia watoto. Baadhi ya ndege hazikurudi tupu: zilibeba watoto waliodhoofu sana, na maelfu yao walipelekwa kutunzwa Gabon na Ivory Coast.

Tarehe 5 Juni 1969 ndege ya Msalaba Mwekundu ilidunguliwa na wote waliokuwemo wakafa. Shirika hilo likasimamisha safari zake za usiku. Makanisa yaliendelea, na hadi mwisho yalikuwa yamerusha safari zaidi ya 5,300 na kufikisha tani zipatazo 60,000.

Silaha nazo zilitua Uli, katika giza lilelile, na Biafra ilijipatia fedha za kigeni kutokana na shughuli za misaada. Wapo wanaosema kwamba kwa njia hiyo misaada ilirefusha vita. Hoja hiyo ina uzito na haifai kupuuzwa, lakini mama aliyepanga foleni na bakuli mkononi hakuulizwa kama vita viendelee au vikome. Kuhusu vita vyenyewe, Tanzania, nchi ya kwanza kuitambua Biafra, tarehe 13 Aprili 1968, ilishikilia kwamba umoja wa taifa hauwezi kusimama bila ridhaa ya watu wake. Miongoni mwa madaktari wa Kifaransa waliotibu majeruhi chini ya Msalaba Mwekundu, wapo walioshindwa kuvumilia sharti la kunyamazia waliyoyaona. Mwaka 1971 walishiriki kuanzisha shirika la Madaktari Wasio na Mipaka.

Biafra ilisalimu amri tarehe 15 Januari 1970. Serikali ya Nigeria ilikataa misaada ya mashirika ya kanisa ambayo ndege zake zilikuwa zikitua Uli, ingawa njaa ilikuwa bado haijaisha. Watoto waliopelekwa ng'ambo walianza kurejeshwa mwishoni mwa mwaka huo.