Bei ya gari haiishii kwa muuzaji: kutoka Land Rover hadi chukudu

Kwenye barabara ya Goma kwenda Rutshuru, familia nyingi zilizokimbia vita zimejifunza tofauti ya gari linalowaka asubuhi na gari linalosukumwa. Siku ya kukimbia hakuna anayeuliza gari lilinunuliwa dola ngapi. Wanauliza kama litafika.

Swali hilo lilikuwepo tangu zamani. Land Rover ya kwanza ilionyeshwa Amsterdam mwezi wa nne 1948. Baada ya vita vya dunia Uingereza ilikuwa na upungufu wa chuma, kwa hiyo bodi yake ilitengenezwa kwa alumini. Ubelgiji, iliyokuwa bado inatawala Congo, ilipenda gari hilo, na kuanzia 1952 kiwanda cha Minerva kule Antwerp kililiunganisha kwa ajili ya jeshi la Ubelgiji. Lilikuwa gari rahisi kufungua na kufunga, mtu akiwa na spana chache tu. Lakini ekseli za nyuma zilijulikana kwa kuvunjika zikibeba mizigo mizito.

Upande wa Japani, Toyota ilitoa gari lake la milimani 1951, wakati wa vita vya Korea, na mwaka huohuo likapanda mlima Fuji hadi kituo cha sita. Jina la Land Cruiser lilikuja 1954. Mwishoni mwa miaka ya 1950, mkandarasi Leslie Thiess aliyapeleka magari hayo Australia, kwenye kazi ya mabwawa ya umeme ya Snowy Mountains. Land Rover ndiyo iliyokuwa imezoeleka huko. Toyota ilikunywa mafuta mengi zaidi, kwani injini yake ya petroli ilikuwa kubwa, karibu lita 4. Hata hivyo ilijijengea jina la kutolala njiani. Mwenye kazi anayelipa watu wanaosubiri gari hupoteza zaidi kwa siku moja ya kusimama kuliko kwa mafuta ya wiki, na hesabu hiyo ndiyo iliyoipa Toyota soko.

Huku kwetu hesabu iliharibika kwa njia nyingine. Tarehe 30 mwezi wa kumi na moja 1973, Mobutu alitangaza kwamba biashara na mashamba ya wageni yapewe Wazaire. Mwaka uliofuata bei ya shaba ikaanza kuanguka, na nchi ikakosa fedha za kigeni za kuagiza vitu. Gari zuri bila piesi likawa banda la kuku. Hapo ndipo watu walielewa kwamba ubora wa gari hauko ndani ya gari peke yake. Uko pia dukani, kwa fundi, na kwenye barabara yenyewe.

Ndiyo sababu Land Cruiser ya safu ya 70, iliyotoka 1984, ilishika mizizi. Tangu 1990 wengi wameipenda kwa injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyotegemea kompyuta. Ni ile inayoonekana kwa mashirika ya misaada. Kwa mtu wa kawaida bei yake haishikiki.

Mtu wa kawaida hununua gari lililotumika Japani. Kule ukaguzi wa lazima wa kila baada ya miaka miwili ni ghali, basi wenye magari wengi huona afadhali kuuza. Gari hupanda meli hadi Mombasa au Dar es Salaam, na mengine huingia kwa mpaka wa Kasindi. Bei ya mtandaoni inapendeza, lakini bado kuna meli, forodha, barabara na bariere. Tena usukani uko kuume, katika nchi ambapo magari hupita kuume. Shofa anayetaka kulipita lori haoni mbele, mpaka mwenzake wa kushoto amwambie. Hiyo nayo ni gharama, ingawa haiandikwi kwenye risiti.

Chukua mfano wa watu wawili wa taksi. Wa kwanza ananunua gari la dola 5,000. Kila mwezi linalala siku 5, kila siku akipoteza dola 40, na piesi zinakula dola 150. Hizo ni dola 350 kwa mwezi, 4,200 kwa mwaka. Wa pili ananunua la dola 8,000, linalolala siku moja na kuomba piesi za dola 60: dola 100 kwa mwezi, 1,200 kwa mwaka. Mwisho wa mwaka wa kwanza wote wametoa dola 9,200. Mwaka wa pili, gari la bei rahisi linamzidi mwenzake kwa dola 3,000.

Hesabu ni safi, lakini familia iliyoacha shamba Masisi ikiwa na dola 5,000 mkononi haina hizo 3,000 za kuongeza. Mkopo nao ni hatari mahali ambapo mtu anaweza kuhama usiku. Kumlaumu kwamba alinunua bovu ni kumwonea.

Wengine hurudi kwa chukudu, iliyotengenezwa kwa mbao, inayobeba viazi na makala kushuka Goma bila tone la mafuta. Ikivunjika, seremala wa kijijini anaitosha. Magurudumu yake huvalishwa vipande vya mipira ya magari yaliyokufa.