Nakala iliyoshinda CD ya asili: masikio, mashine na deni la mhakiki

Leo naweka programu kando kidogo, nizungumzie jambo ambalo limenikaa rohoni kwa miaka mingi.

Mwaka 2006 muuzaji mmoja wa vifaa vya tarakilishi hapa Nairobi alinipa pakiti ya CD tupu, nyeusi tititi. Bure. Akaniambia, "Kaka, nakili muziki kwa hizi, utasikia tofauti na CD ya dukani." Nikanakili, nikasikiliza usiku, na kweli nikasikia tofauti. Besi nzito, mwimbaji kasogea mbele. Kesho yake nikazisifu hapa bloguni. Sikusema kwamba nilipewa bure.

Baada ya wiki mbili msomaji akaniandikia. Alikuwa amenunua pakiti 5 kwa ushauri wangu na hasikii chochote. Akauliza kama masikio yake ni mabovu.

Haya basi, turudi nyuma. Philips na Sony walikubaliana kanuni za CD mwaka 1980, na mashine za kwanza zikaanza kuuzwa Japani mwaka 1982. Muziki ndani ya CD ni tarakimu tu: sampuli 44,100 kila sekunde, biti 16 kila moja, chaneli mbili. Juu ya hizo kuna tarakimu za ziada za kurekebisha makosa, kwa mbinu waliyoichapisha Irving Reed na Gustave Solomon mwaka 1960. Ndiyo maana mkwaruzo mdogo haukatizi wimbo.

Tarakimu zinanakilika bila kuchakaa, na hilo liliwatia hofu wenye kampuni za muziki. Mwaka 1992 Marekani ikapitisha sheria ya kurekodi muziki nyumbani. Mashine za kunakili zilitakiwa kuwa na kizuizi: unaweza kunakili CD ya asili, lakini si nakala ya nakala. Kila mashine na kila CD tupu ya muziki ikatozwa ada kwa ajili ya wanamuziki na wenye haki. Tarakilishi za kawaida hazikuguswa na sheria hiyo.

Jambo la ajabu ni kwamba wakati kampuni zinalia kuwa nakala ni sawa na asili, baadhi ya wapenzi wa sauti safi walikuwa wanasema nakala ni bora kuliko asili! Kwanza zilikuja kalamu za kijani, karibu mwaka 1990: pakaza ukingo wa CD, sauti itatakata. Kisha CD tupu nyeusi. Katikati ya miaka ya 2000 zikauzwa mashine maalum za kunakili, na wahakiki wakaandika kwamba nakala zake zinaacha asili mbali.

Tusiwacheke. Mantiki yao ilikuwa hii: tarakimu zinaweza kuwa zilezile, lakini muda wa kuzitoa ukiyumba, sauti nayo itaharibika. Kuyumba huko kupo na kunapimika. Ila mashine ya CD huziweka tarakimu kwanza kwenye kumbukumbu, kisha huzitoa kwa mpigo wa saa yake yenyewe. Anayedai kwamba rangi ya diski inapenya hapo ana kazi ya kuonyesha inapitia wapi. Na kuna mahali nakala hushinda kweli: CD iliyokwaruzika. Programu kama Exact Audio Copy, ya mwaka 1998, husoma sehemu mbovu tena na tena mpaka ipate jibu la kuaminika. Hapo nakala imeokoa muziki. Haijauongeza.

Barua ya yule msomaji ilinifanya nifanye nilichopaswa kufanya tangu mwanzo. Nilisoma wimbo uleule kutoka CD ya asili na kutoka nakala nyeusi, nikaiambia tarakilishi ilinganishe faili hizo mbili baiti kwa baiti. Zikatofautiana! Nilifurahi, nikasema kumbe sikudanganyika. Kutazama vizuri, tarakimu ni zilezile, ila zimesogea sampuli mia kadhaa. Visomaji vya CD ndivyo vilivyo: kimoja huanza mapema kidogo, kingine huchelewa. Nilipozipanga sawa, zikalingana hadi mwisho wa wimbo.

Nikamwomba dada yangu aniwekee CD moja au nyingine bila kunionyesha. Mara 20. Nilipatia 11. Hata kurusha shilingi kungenipa hivyo.

Sasa wahakiki. J. Gordon Holt aliacha kazi katika jarida la High Fidelity na kuanzisha Stereophile mwaka 1962, kwa kuchoshwa na wahariri waliowaogopa watoa matangazo. Ndiye aliyefundisha kwamba kifaa kihukumiwe kwa kusikilizwa, si kwa vipimo peke yake. Harry Pearson alimfuata mwaka 1973 na The Absolute Sound, nalo mwanzoni halikupokea matangazo ya watengenezaji. Lakini mwaka 2007 Holt huyohuyo alilalamika kwamba fani yao ilipoteza heshima kwa kukataa majaribio ambamo msikilizaji hajui kinachochezwa. Baba wa usikilizaji ndiye aliyesema masikio nayo yakaguliwe.

Miaka miwili baadaye, 2009, serikali ya Marekani ilitoa mwongozo kwamba anayesifu bidhaa, wanablogu wakiwemo, aseme kama alilipwa au alipewa bure.

Mimi sikuhongwa, na nilichosikia nilikisikia. Hapo ndipo penye hatari: mtu mkweli aliyepewa zawadi hupotosha vizuri kuliko mwongo. Sikio hutaka kulipa fadhila. Kwa hiyo mhakiki ana madeni mawili: aseme alikipataje kifaa, na afanye jaribio linaloweza kumuumbua. Jaribio langu lilichukua jioni moja na halikugharimu kitu. Pakiti 5 zilimgharimu msomaji wangu pesa zake.

Nilimjibu kwamba masikio yake ni mazima, nikamrudishia pesa, na juu ya ile makala nikaongeza mstari: CD hizi nilipewa bure. Mstari huo ungali pale.

Je, wewe umewahi kusikia tofauti ambayo haikuwepo? Niandikie hapo chini.