Tamasha Lisilo na Tuzo

Katika pembe ya kusini-magharibi ya jimbo la Colorado, nchini Marekani, ndani ya milima iitwayo San Juan, upo mji mdogo ambao barabara ya lami huuingia kwa upande mmoja tu, kwani upande wa pili majabali yamesimama mfano wa ukuta, na maporomoko ya maji yanashuka juu yake, hata mgeni afikaye humo hana budi kurudi kwa njia aliyojia. Mji huo ni Telluride. Uko zaidi ya mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo mtu wa pwani angetweta kabla hajamaliza ngazi za nyumba aliyofikia. Nao haukuasisiwa kwa ajili ya sanaa wala anasa, bali kwa tamaa ya dhahabu na fedha.

Wachimbaji walipiga kambi bondeni humo katika miaka ya 1870. Mwaka 1889 kijana mmoja, ambaye baadaye alivuma kwa jina la Butch Cassidy, aliipora benki ya mji pamoja na wenziwe. Mwaka uliofuata reli ikafika. Na mali ilipokuwa ingali inabubujika ikajengwa hoteli ya matofali, New Sheridan, mwaka 1895, na ubavuni pake, mwaka 1913, ukumbi wa michezo na nyimbo ambao viti vyake havifiki mia tatu. Kisha machimbo yakadhoofu, watu wakatawanyika, na mji uliopata kuwa na maelfu ya wakazi ukabakiwa na mamia tu, majengo yake yakiendelea kusimama kwa sababu hapakuwa na tajiri wa kuyabomoa. Ufakiri, ambao aghalabu hulaumiwa kwa uharibifu, hapo ulikuwa mhifadhi.

Ukumbi ule wa 1913 ndio uliolizaa tamasha la filamu la Telluride. Bill Pence na mkewe Stella, waliokuwa wakiendesha majumba ya sinema katika miji ya milimani, waliutia mkono ukafunguliwa tena; akaja James Card, mtunza hazina ya filamu za kale katika George Eastman House huko Rochester, kuonyesha filamu bubu, naye alipouona alishikwa na mapenzi nao; wa nne akawa Tom Luddy, mjuzi wa sinema kutoka Berkeley. Mwishoni mwa Agosti 1974, katika siku chache za mapumziko yanayoishia Jumatatu ya kwanza ya Septemba, wakawaalika watu. Waliotunukiwa heshima mwaka huo ni Gloria Swanson, nyota wa zama za filamu bubu. Mwongozaji Francis Ford Coppola. Na Leni Riefenstahl, ambaye kualikwa kwake kuliamsha hasira, kwani ndiye aliyeupamba utawala wa Hitler kwa kamera yake. Hasira hiyo ilikuwa na haki, na sioni kwamba umahiri wa fundi unamfutia dhima ya kazi aliyoitumikia.

Waasisi waliweka kanuni mbili ambazo kwa mfanyabiashara zingeonekana wazimu. Ya kwanza, hapana tuzo wala majaji. Ya pili, orodha ya filamu haitangazwi mpaka tamasha liko mlangoni, hivi kwamba mtu hulipa kiingilio, husafiri, hupanda milima, ilhali hajui atakachoonyeshwa. Mwenye filamu akishaondolewa wasiwasi wa kushindwa, humtazama mwenziwe kama mwenzi, wala si kama mshindani. Na hadhira iliyokuja kwa kuamini tu, bila kuvutwa na matangazo, huipokea kazi ya mtu asiyejulikana kwa moyo ule ule inaoipokea ya mashuhuri. Fauka ya hayo, mji wenyewe hauna maficho. Mtu mashuhuri hawezi kujitenga mahali ambapo barabara kuu ni moja, na chakula cha ufunguzi huandaliwa katikati ya barabara hiyo. Atapanga foleni, atakula amesimama, na muuza duka atamwambia usoni kwamba filamu yake ilimchosha. Msomaji aliyepata kuketi Ngome Kongwe, Unguja, usiku wa tamasha la nchi za jahazi, anaijua ladha hii ya kutazama filamu pamoja na aliyeitengeneza chini ya mbingu moja.

Lakini usiku wa kukumbukwa kuliko zote ni wa Septemba 1979. Mfaransa Abel Gance alikuwa ametoa filamu yake ndefu, Napoléon, mwaka 1927, ambayo sehemu yake ya mwisho huhitaji mapazia matatu yaliyopangwa sambamba. Ikakatwakatwa, ikatupwa, ikasahauliwa, mpaka Mwingereza Kevin Brownlow alipoanza kuviokota vipande vyake kimoja kimoja kwa miaka mingi. Telluride wakayasimamisha mapazia yale uwanjani, nje, katika baridi ya milimani, na watu wakakaa wamejifunika mablanketi saa baada ya saa. Gance, mzee wa miaka 89, aliitazama kazi ya ujana wake kutoka dirisha la chumba chake katika hoteli ya New Sheridan. Alifariki mwaka 1981.

Wako pia walioingia kwa mlango wa nyuma. Barry Jenkins alikwenda Telluride mwaka 2002 akiwa mwanafunzi, akarudi mwaka baada ya mwaka kufanya kazi za kujitolea, na mwaka 2016 akaonyesha papo hapo, kwa mara ya kwanza mbele ya watu, filamu yake Moonlight, iliyotwaa Oscar ya filamu bora mwaka uliofuata. Sharti nikiri kwamba siku hizi mji umejaa nyumba za matajiri na michezo ya theluji, vyeti vya kuingilia vimekuwa ghali, na wachuuzi wa Oscar wameshaijua njia ya bondeni. Hata hivyo, tuzo bado hazitolewi, na uwanja wa sinema ya wazi unaitwa kwa jina la Abel Gance, nao kiingilio chake ni bure.