Bati la Chini ya Injini na Siasa ya Gari Kuukuu

Serikali zetu zina njia rahisi ya kulipima gari: huuliza liliundwa mwaka gani. Kenya haipokei gari lililotumika ambalo limezidi miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliyafungia mlango magari yenye umri wa miaka 15 na zaidi. Tanzania haikatazi, bali hutoza ushuru wa ziada kwa magari chakavu. Swali la pili, kwamba gari limetunzwaje, huulizwa kwa nadra. Napendekeza tulitafutie jibu mahali ambapo wenye magari wengi hawajawahi kuchungulia: kwenye ile kinga pana iliyofungwa chini ya injini ili kuzuia matope, maji na mawe. Mafundi wengi huiita kava ya chini tu.

Kinga hiyo si jambo la juzi. Ford Model T, iliyoanza kuuzwa mwaka 1908, ilikuwa na mabati mawili membamba, moja kila upande wa injini, yaliyozuia tope la barabara za vijijini Marekani. Bati likipinda, mkulima alilinyoosha kwa nyundo; likitoboka, alikata jingine. Gari lile liliundwa kwa kudhani kwamba mwenye nalo anaweza kulitengeneza, na dhana hiyo ilisafiri nalo. Lilipofika kwetu gari la kikoloni, na baadaye lori na basi la baada ya uhuru, lilikuta tayari mafundi wa bati. Kamukunji jijini Nairobi na Gerezani jijini Dar es Salaam, mapipa ya mafuta yalipasuliwa, yakanyooshwa, yakageuka masanduku, majiko, karai na, ilipobidi, kinga ya chini ya injini. Katika miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980, fedha za kigeni zilipoadimika Tanzania na vipuri vikawa hadithi, nyundo ya fundi ndiyo iliyoyaweka magari barabarani. Sioni sababu ya kuipamba shida ile, lakini maarifa yaliyotokana nayo yalikuwa ya kweli.

Kilichobadilika hakikuanzia kwetu. Mwaka 1970 Jumuiya ya Ulaya ilitoa agizo la kuweka kikomo cha kelele za magari, na viwango vikakazwa baadaye. Kisha zikaja bei za mafuta za mwaka 1973 na 1979. Wahandisi wakatazama chini ya gari kwa macho mapya, kwa kuwa upepo unaojikwaa kwenye vyuma vya chini hula mafuta, na sauti ya injini hutorokea huko huko. Jawabu likawa plastiki: nyepesi, rahisi kufinyangwa kwa umbo lolote, tena ya bei ndogo kiwandani. Kinga ikapewa kazi zaidi ya kuzuia tope. Sasa inaongoza hewa kuelekea kwenye rejeta, inatuliza kelele, inapunguza matumizi ya mafuta. Ila ilibuniwa kwa ajili ya lami iliyonyooka, na kwa mteja ambaye ikipasuka ataagiza nyingine.

Tanzania ilipoanza kulegeza masharti ya uagizaji mwaka 1984, na hasa baada ya makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, njia ilifunguka kwa magari yaliyotumika, na Japani, wanaoendesha upande wa kushoto kama sisi, wakaja kuwa wauzaji wetu wakuu. Magari yakaja na plastiki yake chini. Tuta la kwanza refu kupita kiasi likaichana. Fundi, aliyezoea bati, akaikuta imening'inia, akaing'oa na kuiweka kando akisema haina kazi. Yako magari mengi mjini yanayotembea tumbo wazi kwa sababu ya hukumu hiyo, na kila mvua za masika maji machafu hurukia mkanda na alteneta.

Ninalo gari la umri ambao Kenya wasingelipokea, na kinga yake niliitengeneza mwenyewe nyumbani. Kazi yenyewe haina muujiza. Gari hupandishwa kwa jeki na kukalishwa juu ya stendi imara. Kulala chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake ni kucheza na mauti. Kinga hufunguliwa, huoshwa kwa sabuni hadi mafuta yote yatoke, kisha husomwa. Nasema husomwa kwa sababu kiwanda kimeandika juu yake herufi za aina ya plastiki. Yangu ilikuwa na PP, yaani polipropilini, plastiki inayoikataa gundi ya kawaida lakini inayeyuka na kuungana vizuri na ya aina yake. Kipande cha bampa la zamani lenye herufi hizo hizo kilinipa kiraka. Mwisho wa kila ufa hutobolewa tundu dogo ili ufa usiendelee, wavu mwembamba wa chuma huzamishwa kwa kifaa cha kulehemu chenye moto, kisha plastiki huyeyushwa juu yake, mahali penye hewa ya kutosha maana moshi wake ni mbaya. Matundu ya bolti yaliyolika hupewa washa pana. Vibanio vilivyovunjika ndivyo pekee nilivyonunua.

Mwaka 1972 Shirika la Kazi Duniani, katika ripoti yake juu ya Kenya, liliwaambia watawala kwamba kazi za namna hii ni uchumi kamili. Mwaka 1992 Kenya ikatoa waraka rasmi wa sera kuhusu jua kali. Hata hivyo kanuni ya forodha inaendelea kusema kana kwamba gari huzeeka kama maziwa, kwa siku zake tu. Na tukumbuke kwamba Joginder Singh alishinda Safari Rally ya mwaka 1965 kwa Volvo iliyokwisha kutumika.

Watetezi wa ukomo wa umri wana hoja: moshi, ajali, na hofu ya kugeuzwa jalala. Japani nao huongeza kodi kwa gari la petroli lililovuka miaka 13. Lakini wao hutanguliza ukaguzi. Kwa mfumo uitwao shaken, wenye mizizi katika sheria ya mwaka 1951, gari jipya la binafsi hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na mkaguzi huingia hadi chini yake. Sisi tumenakili kodi tukauacha ukaguzi wa tumboni. Anayelipa tofauti hiyo ni mwalimu na muuguzi, ambao gari la miaka 12 ndilo pekee wanaloweza kulifikia, na ambao ushuru wanaotozwa bandarini ni ule ule, liwe limetunzwa au limetelekezwa.